Mkono Juu ya Nyuzi

Nilitumwa kuchukua amplifaya, basi. Kazi ya nusu saa. Kiongozi wa bendi alinipa ufunguo wa chumba cha mazoezi na kuniambia kwamba nikishaitoa kwa fundi niipeleke kule moja kwa moja, niijaribu kabla giza halijaingia, maana Jumamosi tulikuwa na harusi na mimi ndiye niliyekuwa nashika besi kwa mara ya kwanza. Niliitikia tu. Tangu kaka yangu afariki, miezi kumi na moja nyuma, nilikuwa hodari wa kuitikia bila kusikiliza.

Amplifaya ilikuwa ya kaka. Ile ya kizamani, yenye taa za kioo ndani, nzito kama mfuko wa saruji. Besi nayo ilikuwa yake, na hakuwa amebadilisha nyuzi zake kwa miaka sita. Alisema nyuzi mpya zinalia kama vijiko kwenye sinia. Besi ya kweli, alisema, mtu haisikii kwa masikio, inamkuta tumboni. Mimi sikuwa mpigaji. Nilikuwa mtu wa mitambo: kuvuta nyaya, kupanga spika, kuua kelele. Walinitania kwa jina la Daktari wa Mvumo.

Kama umewahi kusimama karibu na spika za bendi kabla muziki haujaanza, mvumo unaujua. Mmmmm... Hakuna anayepiga, lakini chombo kinaguna chenyewe. Besi ya kaka ilikuwa na tabia hiyo, nayo ilinyamaza kwa dawa moja tu: mtu aguse nyuzi. Weka kiganja, kimya. Ondoa, mmmmm. Hilo si jambo la ajabu, ni umeme, kila mpigaji analijua. Kaka alilifanya kuwa adabu. Mtu akianza kusema mazoezini, analaza kiganja juu ya nyuzi ili mvumo usimsumbue msemaji. Ukiona mkono umelala pale, ujue anakusikiliza.

Fundi alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Mama Lehemu, kibanda chake kimebanwa kati ya saluni na duka la dawa. Nilimkuta anafuta miwani. Amplifaya ilikuwa juu ya meza, imefungwa vizuri, waya wake umeviringwa.

Hakunisalimia kama siku zote. Alichukua plagi, akaigeuza mbele ya macho yangu.

"Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ulikuwa umekatwa humu ndani," alisema. "Umekatwa kwa plaizi, ukavishwa utepe. Mtu mwenye mkono mzuri."

Nikauliza kama imepona.

"Imepona. Transfoma ilikuwa inavujisha umeme kwenye bodi ya chuma. Ethi ingekuwepo, fyuzi ingekatika na ugomvi ukaisha." Akaiweka plagi mezani. "Huyu aliyekuwa anaitumia, yuko wapi?"

Nikamwambia ni marehemu. Alinisaidia kuibeba hadi kwenye mkokoteni, pamoja na besi niliyokuwa nimemwachia ya kujaribia, na pale nje, akiwa ameshika ukingo wa mlango, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba jana aliichomeka ile besi ili aijaribu, akaiegemeza ukutani, akarudi kwenye kiti chake. Mvumo ukawa unaendelea. Halafu ukakata. Yeye yuko kwenye kiti, besi iko ukutani.

"Labda jeki ya waya wa besi imelegea," alisema.

"Labda," nikasema.

Mwenye mkono mzuri ni mimi. Acha niliseme hapa mapema.

Usiku ule aliofariki kaka, ukumbi ulikuwa umejaa na mvumo ulikuwa umegoma kunyamaza. Nilibadilisha waya, nikabadilisha soketi, wapi. Watu walishaanza kupiga miluzi. Ndipo nikafanya ule ujinga ambao kila mtu wa mitambo amewahi kuufanya na kuapa kwamba hataurudia: nikafungua plagi, nikakata ethi. Mvumo ukafa papo hapo. Kaka alinigeukia akacheka, akaninyooshea dole gumba. Wimbo wa pili alisogea kwenye maiki aitikie kiitikio, vidole viko kwenye nyuzi, midomo ikagusa chuma. Hakupiga kelele. Alianguka kama mtu aliyekaa vibaya.

Hospitali walisema moyo umesimama. Wala hawakukosea. Mimi ndiye niliyefungasha nyaya usiku ule, na hakuna aliyeuliza kuhusu plagi.

Waliuliza kuhusu mke wake. Mchana wa siku ile shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mbele ya majirani, akimsihi kaka asiende kazini. Mtoto wao alikuwa na homa, alitaka mtu wa kumsaidia kukesha, hakuna zaidi. Lakini msiba ukitafuta mtu, humpata. Alijuaje? Hilo ndilo swali lililozunguka matangani. Alijuaje kwamba asiende? Mama akaenda kwa mtaalamu wa kuagua, akarudi na jibu: mkewe amemroga. Siku ya tatu, vitu vya shemeji vilikuwa nje, na yeye na binti yake wa miaka mitatu wakaenda kuishi kwa shangazi yake, mitaa miwili kutoka kwetu. Kule nako watoto walikatazwa kucheza na mtoto wake. Mwanamke mmoja alimtemea mate bombani. Nilikuwepo. Niliangalia pembeni.

Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya gereji, hakina dirisha, kuta zimebandikwa magodoro ya zamani. Nikaiweka amplifaya juu ya spika, nikachomeka besi, nikaisimamisha kwenye kishikio chake. Nikawasha. Taa za kioo zikaanza kuwa nyekundu taratibu.

Mmmmm...

Nikashukuru, kusema kweli. Mvumo wa kawaida. Nikageuka kutafuta kiti.

Kimya.

Nikageuka. Besi ilikuwa kwenye kishikio. Taa bado nyekundu. Jeki ya fundi, nikajiambia, imelegea. Nikaenda, nikaichezea. Imekaza. Nilipotoa mkono...

Mmmmm...

Nikarudi nyuma hatua tatu.

Kimya.

Haukupungua kidogo kidogo kama umeme unapokuwa mdogo. Ulikatwa kwa namna ninayoijua tangu utotoni. Kwanza mkwaruzo mdogo wa ngozi kwenye chuma, halafu nyuzi nne zinakufa pamoja.

Hapo ndipo harufu ikaja. Kaka alikuwa na kifundo cha mkono kibovu, akikichua kila jioni kwa mafuta ya kafuri. Chumba kile hakikuwa kimefunguliwa kwa miezi. Vumbi lilinuka vumbi, magodoro yalinuka jasho... na katikati yake, kafuri. Mbichi. Kama iliyopakwa sasa hivi.

"Kaka," nikasema.

Kimya kilibaki.

Sikukimbia, na sitajisifu kwa hilo. Sikukimbia kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka vibaya sana. Nikakaa sakafuni, nikamwambia. Nilimweleza habari za plagi, plaizi, utepe. Nilimwambia nilitaka sauti iwe safi kwa ajili yake, na ndiyo kweli. Nilimwambia nilifungasha nyaya haraka. Nililia hadi kamasi. Muda wote ule nyuzi hazikutoa hata pumzi.

Nikajifuta uso. Nikasema, "Basi, nimekwambia. Nisamehe."

Mmmmm...

Mvumo ulirudi mkubwa kuliko mwanzo. Spika ikatetemesha mlango. Tumbo langu likatetemeka nao, pale pale alipokuwa anapenda besi imkute mtu. Nikapiga kelele kwamba nimeshasema yote, anataka nini tena. Ukazidi. Kikombe kikaanguka kutoka kwenye rafu.

Na nilijua. Hata mtoto angejua. Kumwambia marehemu si kazi.

"Nitamwambia mama," nikasema. "Nitamtoa shemeji kwenye hili jina la mchawi."

Mkwaruzo mdogo. Kimya.

Mama alikuwa chumbani kwake anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Jua lilikuwa limezama muda si mrefu. Sikukaa. Nilisimama hapo mlangoni nikasema kwa mkupuo, kwa kuwa nilijua nikipumua nitaghairi: kwamba mwanaye hakurogwa, kwamba ni umeme, kwamba waya niliukata mimi.

Aliendelea kukunja. Alimaliza shati, akalipapasa kola, akaliweka juu ya mengine.

"Unaongea usingizini, mwanangu," alisema. "Tangu wiki ya msiba. Ukuta huu ni mwembamba."

Sikuelewa mara moja. Nikamuuliza kama alijua, kwa nini alikwenda kwa mtaalamu, kwa nini alimtoa yule binti wa watu nje na mtoto wake.

"Watu walikuwa wanatafuta," alisema. "Wangetafuta mpaka wakupate. Nimezika mmoja. Nilibakiwa na mmoja." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Yule si wa tumbo langu. Mungu anisamehe, lakini si wa tumbo langu."

Nilimwambia kaka amenijia. Nilidhani atashtuka. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa mgeni amefika nyumba ya pili.

"Huwa anakuja hapa. Kila jioni, wakati kama huu. Anasimama kwenye mlango wa jikoni, hasemi. Mimi namwambia rudi baba, rudi ulikotoka, mwache mdogo wako aishi." Sauti yake ikapasuka. "Nimemzaa mimi yule, na ninamfukuza kila siku. Leo sikumwona. Nikajua kaja kwako."

Nikamwambia kesho nitakwenda kwa shemeji, halafu nitakwenda kwa kila mtu.

"Nenda. Nami nitasema msiba umekuchanganya akili. Tuone nani ataaminiwa."

Nilikwenda. Shemeji alinisikiliza akiwa amesimama, mtoto yuko mgongoni. Hakulia, hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu, kama kaka aliumia. Nikasema hapana. Sijui kama ni kweli. Kutoka hapo nikaenda kwa kiongozi wa bendi, nikaenda kwa baba mdogo, nikaenda kwa majirani waliokuwepo matangani. Mama Lehemu, Mungu ambariki, alifunga kibanda akaja kusema kwamba waya aliukuta umekatwa. Wakamuuliza kama alimwona mkataji. Akasema hapana.

Na mama alitimiza alichokisema. Alizunguka nyuma yangu nyumba kwa nyumba, amejifunga khanga kichwani, macho mekundu. Hakuwa na haja ya kuigiza machozi.

Ilichukua siku mbili tu. Kijana alikuwa mzima, wakasema. Alikwenda nyumbani kwa yule mwanamke asubuhi, mchana anazunguka mtaa mzima akijisingizia kumuua ndugu yake. Mnataka ushahidi gani tena? Amemmaliza kaka mtu, sasa yuko kwa mdogo mtu. Usiku wa Ijumaa mabati ya nyumba ya shangazi wa shemeji yalipigwa mawe.

Jumamosi nilipiga harusi ile, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nilichomeka, nikawasha, mvumo ukaja. Nikalaza kiganja changu chote juu ya nyuzi, zote nne. Haukunyamaza. Nilibonyeza mpaka nyuzi zikanichora mkononi. Mama Lehemu ameifungua amplifaya ile mara tatu tangu siku hiyo, na kila mara anasema ni nzima kabisa. Anasema kitu kilicho upande wa pili wa umeme yeye hakukisomea.

Jumatatu nilisikia shemeji anahama. Nilikimbia, nikamkuta kituoni na mikoba miwili, mtoto amelala begani, shangazi mtu amesimama mbali kidogo kama asiyewajua. Nikataka kumbebea mzigo mmoja. Akauvuta upande wake. Nikamwambia sitachoka, nitasema tena, nitasema mpaka waelewe, nitasimama hata sokoni.

Watu waliokuwa pale kituoni walianza kusogea, wanatuangalia yeye na mimi.

"Shemeji," alisema, taratibu, ili wasisikie. "Nakuomba usiseme tena. Kila ukisema, mchawi ninazidi kuwa mimi."

Gari likaja. Alipanda na mizigo yake yote miwili, hakuna aliyemsaidia. Mimi nimelisimulia hapa kwa sababu nyinyi hammjui, wala hamjui alikokwenda. Mtaani kwetu nimenyamaza.