Aliyeshika Ncha ya Pili

Bisha. Sikuzuii. Wenzako wamebisha mbele yangu na wote niliwajibu hivi: kama una kifua, nenda ukakae saa saba ya mchana kwenye chumba cha kushonea cha shangazi yangu, mashine zikiwa kimya na watu wamekwenda kula, kisha useme "shika" kwa sauti. Ukitoka humo bado unabisha, mkasi wangu chukua, na kazi naacha.

Na usikae ukisubiri bundi na usiku wa manane. Jini wangu mimi alikuja mchana kweupe, jua la utosi, redio ya fundi viatu wa jirani ikipiga kelele ukutani.

Shule mimi niliiacha mapema. Tuseme tuliachana kwa amani. Lakini mkononi hakuna wa kunigusa. Watu wananiita Rula. Nakata mstari wa mita tatu bila chaki, na ukiweka rula juu yake, rula ndiyo itakayoona haya. Shangazi anashona mifarishi, yale mashuka mazito ya viraka ya kujifunika. Mimi nakata, na viraka anaviunga Dada Taratibu. Jina hilo nilimpa mimi, maana akianza kutunga uzi kwenye sindano, unaweza kwenda kunyolewa ukarudi. Ana watoto wawili. Mume wake alikwenda kutafuta maisha, na nadhani maisha yalimpata yeye kwanza, kwa sababu hakurudi. Chumba kile ndicho kilichokuwa kinalisha nyumba yake. Hilo nililijua tangu mwanzo, usije ukasema sikulijua.

Siku moja akaja mjane na furushi la mashati ya marehemu mume wake, yawe viraka. Na juu ya furushi kitambaa cha buluu iliyokolea, kimekunjwa, hakijawahi kuguswa na sindano. Mume alimnunulia zamani ashone gauni, yeye akawa anasubiri siku nzuri ya kulivaa.

"Siku nzuri hazikuja," alisema. "Sasa kifanyieni pindo. Jumamosi nahamia kwa binti yangu, nataka nilale nimejifunika mfarishi huu."

Pindo ni vile vipande virefu vinne vinavyouzunguka mfarishi. Likinyooka, kazi imetulia. Likipinda, mfarishi mzima unajikunja pembeni kama sikio la mbuzi. Kitambaa cha yule mama kilitosha mapindo manne tu, basi, hakuna cha akiba. Na kwa shangazi kuna sheria: kitambaa cha pindo hakikunjwi. Unakitandaza sakafuni urefu wake wote, unapiga magoti, unakata polepole. Ukikikunja kikawa tabaka nne ili ukate kwa mkupuo mmoja, tabaka zikiteleza hata unene wa ukucha, kila pindo linatoka na viwiko.

Shangazi alikwenda kununua nyuzi pamoja na Dada Taratibu. Mimi nikatandaza sakafuni, nikapiga magoti, nikakata. Mapindo manne, yamenyooka kama njia ya siafu. Nikatoka kunywa maji. Niliporudi nikakuta harufu ya nywele zilizoungua, na mapindo yote manne yana viwiko. Vitatu kila moja, vimeachana kwa nafasi sawasawa, kana kwamba mtu ameyavunja juu ya goti lake.

Shangazi aliingia, akashika kichwa. "Rula! Umefanya nini?"

"Mimi? Shangazi, nimeyaacha yamenyooka. Nukia mwenyewe hiyo harufu. Humu ndani kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Jini."

"Jini gani huyo anayejua ushonaji?"

"Huyu hashoni, anakata," alisema Dada Taratibu kwa sauti ndogo. Alikuwa ameinamia mapindo, anayapapasa kwa kidole. Hakunitazama.

Shangazi hakucheka. Ukitaka kumtisha mtu mwenye duka, mwambie duka lina jini. Usiku ule nasikia hakulala.

Kesho yake, saa saba, nilibaki peke yangu. Shangazi aliniagiza nipime mapindo yale yaliyoharibika, tuone kama yataokolewa yakipunguzwa upana. Kupima pindo ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika ncha huku, mwingine anavuta kule. Mmoja anasema "shika," mwingine anajibu "nimeshika." Tumeyasema maneno hayo mara nyingi hadi ulimi unayatoa wenyewe. Nikachukua ncha, nikarusha nyingine upande wa pazia la kujaribia nguo, na bila kufikiri nikasema:

"Shika."

Pindo likakaza.

"Leo umewahi, Dada Taratibu," nikamtania. "Umekula nini, upepo? Vuta kidogo."

Likavutwa kidogo.

"Usikate tu. Sisi tunajua kukata, wewe unajua kuchelewa."

Nyuma ya pazia kukawa na pumzi, kama ya mtu anayecheka mdomo ukiwa umefungwa. Nikasoma kipimo, nikakiandika ukutani kwa chaki, nikamwambia alegeze. Hakulegeza. Nikavuta, naye akavuta, taratibu, kwa ustaarabu, kama watu wanaokung'uta shuka. Na ndipo mlango wa mbele ukafunguka akaingia Dada Taratibu na kikombe cha chai mkononi, akanitazama mimi, akatazama pindo lililonyooka hewani kutoka vidoleni mwangu mpaka kwenye pazia, pazia ambalo chini yake palionekana sakafu tupu, bila miguu, bila viatu, bila hata kivuli, na nilitaka kuachia lakini vidole vilikataa, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikaja mara hii si kama harufu ya kitu kilichopita bali kama ya kitu kinachoungua wakati huo huo, karibu, usoni mwangu, na kutoka kule nyuma sauti nzito, kavu, kama pedali ya mashine isiyotiwa mafuta, ikajibu lile neno nililolisema mwanzo kabisa:

"Nimeshika."

Kikombe cha dada kikapasuka. Mimi nilitoka. Watu wanasema nilipitia dirishani. Uongo, nilipitia mlangoni, ila sikuufungua.

Siku mbili zilizofuata hakuna aliyekaa peke yake. Mashine zikinyamaza tu, tunasikia kitambaa kinakatwa, mkasi mrefu usiofika mwisho, krrr, krrr, kama vile kitambaa chenyewe kimetoka mji huu kinakwenda mji mwingine. Rula ya chuma ya shangazi tuliikuta imepinda mara tatu. Wateja wakaanza kupungua mlangoni. Fundi viatu akahamishia kigoda chake upande wa pili wa barabara, akawa anatusalimia kwa mkono.

Alhamisi shangazi akaleta mganga. Bibi mdogo wa umbo, miwani imefungwa kwa uzi, mkoba kama wa mkunga. Alinusa kila pembe, akakaa.

"Huyu hakuja mwenyewe," alisema. "Ametajwa, akaitika. Nani alimtaja wa kwanza?"

Shangazi akanigeukia. Mimi nikaona macho yote yamehamia kwangu, na nikakumbuka kuwa mjane anakuja Jumamosi.

"Mimi nilisikia kwa dada," nikasema. "Siku nyingi tu anasema humu kuna kitu. Mimi nilirudia."

Dada Taratibu alinitazama. "Mimi, mdogo wangu?"

"Si ulisema, dada? Labda umesahau."

"Sawa," alisema. Akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani. "Nifanyeni mnavyofanya."

Bibi akamkalisha katikati ya chumba, akamfunika gubigubi kwa mfarishi usiokuwa na pindo, mashati ya marehemu yote yamemkumbatia. Akasoma, akanyunyiza maji. Kisha mfarishi ukaanza kupanda na kushuka, kwa haraka kuliko kifua cha mtu, na ile sauti ya pedali ikatoka chini ya viraka. Ilisema maneno. Matusi tu, sina haja ya kuyarudia. Mimi ndiye niliyejibu. Nilipiga kelele: "Muongo! Jini muongo huyo! Mnyamazisheni!"

"Majini ni waongo kweli," alisema bibi, akamwaga maji yaliyobaki yote kwa mara moja.

Kitu kikanipita kwenye kifundo cha mguu, chembamba, kirefu, kikichukua muda mrefu kumalizika, kama pindo linalovutwa sakafuni na mtu aliye mbali. Kikatoka mlangoni. Harufu ikakatika.

Walipomfunua, dada alikuwa amelowa jasho kama aliyetolewa mtoni. Hakukumbuka lolote. Bibi akasema jini ametoka, lakini aliyekuwa njia yake asikanyage tena chumba kile, maana njia iliyopitwa haioti majani. Shangazi alilia akimwambia. Dada aliwachukulia watoto wake vipande vya vitambaa vya kuchezea, akavaa viatu, akaondoka. Hata kuondoka kwenyewe aliondoka taratibu.

Shangazi aliyaokoa mapindo. Aliyachana kwa mkono kufuata uzi wa kitambaa, yakawa membamba, lakini yamenyooka. Jumamosi mjane aliufunua mfarishi, akapitisha kiganja juu ya ile buluu, akasema, "Sasa siku nzuri imefika." Na chumba mpaka leo kiko salama.

Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Watu wanashika vifua, mmoja ananinunulia soda, mwingine anauliza kama kweli niliushika mkono wa jini. Nasema nimeushika, na soda nainywa.

Leo soda hainishuki, basi sikia yaliyobaki.

Kitambaa nilikikunja. Juu ya meza, tabaka nne. Fundi viatu alinitania dirishani kwamba sitamaliza kabla wimbo wa redioni haujaisha, nami nikataka anione. Nilimaliza, na wimbo ulikuwa bado. Nilipokunjua nikaona viwiko. Harufu ilikuwa ya pasi niliyoisahau juu ya brashi ya kufutia mashine. Siku ile hapakuwa na jini yeyote. Nilimtaja kwa woga wa shangazi, naye akaitika. Na kwa dada sikuwahi kusikia neno lolote la jini. Nililitunga pale pale, mbele ya bibi, dada akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu.

Kuna moja bado, na hili sijamwambia mtu.

Asubuhi ile ya Alhamisi, kabla mganga hajafika, dada aliniita kule nyuma kwenye pipa la maji. Aliongea chini chini, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Mdogo wangu, kiwiko hutokea penye mkunjo. Vitatu, nafasi sawa. Fundi yeyote akipapasa anajua. Shangazi ameshikwa na hofu tu, ndiyo maana hajaona. Nenda kamwambie mwenyewe. Mimi sitasema. Nakuahidi, hata iweje, halitatoka kinywani mwangu."

Nilijifanya nanawa uso.

Na yale maneno ya chini ya mfarishi hayakuwa matusi. Yalikuwa matatu: "Rula alikunja kitambaa." Watu wote chumbani walisikia, nami nikawahi kupiga kelele kabla hawajafikiri. Baadaye shangazi aliniuliza kama nadhani alikuwa jini kweli au ni dada aliyekuwa ananisingizia kwa hasira. Nilimwambia sijui.

Nilijua. Dada asingeweza kuyasema yale. Alikuwa ameniahidi.