Nyasi za Chumba cha Karugendo

Ma Immakulata wa Izigo alijulikana kwa usafi. Alifagia uwanja wake asubuhi na jioni. Sebule yake ilikuwa na sakafu ya saruji, na aliipiga deki kila siku. Wanawake wa jirani walimtania kwamba hata migomba ya kibanja chake inanawa uso.

Chumba kimoja tu hakikuguswa. Kilikuwa chumba cha mwisho, upande wa zamani wa nyumba, chenye kuta na sakafu ya udongo. Mumewe, Karugendo, alikataa saruji humo. Alipenda kutandika nyasi laini sakafuni, kama alivyofanya baba yake. Karugendo alifia humo, miaka mitatu iliyopita. Ma Immakulata hakuweza kuzitoa nyasi ambazo mumewe alizikanyaga mara ya mwisho. Kila sikukuu alitandika nyasi mpya juu ya zile kuukuu. Kisha alifunga mlango.

Juu, nyasi zilikuwa safi na zilinukia vizuri. Kilichokuwa chini yake hakuna aliyekijua.

Watu wachache walilala humo baada ya msiba, na wote waliugua. Kahangwa, mdogo wa marehemu, alilala siku mbili. Baada ya wiki moja alishikwa na homa kali. Siku ya nne homa ikamwachia, akarudi shambani kulima. Wiki iliyofuata ikarudi vilevile. Ikaondoka, ikarudi. Agnetha, binti wa Ma Immakulata, alilala usiku mmoja tu. Naye akaugua vivyo hivyo. Hata kuku aliyewekwa humo kuatamia aliyaacha mayai siku ya tatu. Alisimama mlangoni, akatazama ndani kwa muda mrefu, na hakuingia tena.

"Kuku hana sababu ya kudanganya," Kahangwa alisema. "Kaka hataki mtu chumbani kwake."

Mwezi wa sita Paskazia alifika kutoka Hamugembe, Bukoba. Paskazia ni mke wa Mugisha, mtoto wa kwanza wa Ma Immakulata. Mugisha alikuwa amekwenda visiwani kununua dagaa. Hakutaka mkewe abaki peke yake na mimba ya miezi saba. Vyumba vingine vilikuwa vimejaa. Paskazia akapewa chumba cha mwisho.

Siku hiyo Ma Immakulata alitandika nyasi nyingi kuliko siku zote. Alifunga chandarua kipya, kikaning'inia mpaka sakafuni. Kando ya kitanda aliweka kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyowekewa mgeni wa heshima. Kahawa hiyo haikuwa ya Paskazia.

"Mpokee, waitu, Baba Mugisha," alinong'ona akikiangalia kitanda kitupu. "Amebeba mjukuu wako."

Asubuhi ya kwanza Paskazia aliona matone madogo ya damu kwenye shuka. Alijikagua mwili mzima. Hakuwa amesikia kitu chochote kikimuuma. Ndani ya chandarua hakukuwa na mbu hata mmoja. Asubuhi ya pili matone yalikuwepo tena. Aliifua shuka, akanyamaza.

Siku ya nane alipata homa. Kichwa kiliuma, viungo vililegea. Ma Immakulata alimpa vidonge vya malaria vilivyobaki kwa Agnetha. Siku ya nne tangu augue, homa ilikwisha.

"Umeona?" Ma Immakulata alisema kwa furaha. "Malaria tu."

Baada ya siku saba, Paskazia alikuwa anamenya ndizi jikoni. Kisu kilimdondoka. Meno yakaanza kugongana.

Kahangwa aliitwa. Alisimama uwanjani, mbali na ule mlango.

"Hesabu mwenyewe, shemeji," alimwambia Ma Immakulata. "Mimi. Agnetha. Kuku. Sasa huyu."

"Ta Kahangwa, umeniweka kundi moja na kuku?" Paskazia aliuliza, huku akitetemeka ndani ya blanketi.

"Usicheke, mama. Tutafute mbuzi. Tuongee na kaka Jumapili, ukoo ukiwepo."

Paskazia hakucheka. Aliweka mkono tumboni. "Mama," alisema taratibu, "tumbo linakaza. Linaachia, halafu linakaza tena."

Benigna, jirani yao, alikuwa ameleta maji. Aliweka ndoo chini. "Mtoto atasubiri Jumapili?" alimuuliza Kahangwa. "Atamngoja mbuzi wako? Mimi naita bodaboda."

Katika kituo cha afya, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tabibu wa zamu hakuishia hapo. Alichukua tone la damu wakati homa ikiwa bado juu, akalitazama kwa hadubini. Alitazama muda mrefu.

"Unalala wapi?" alimuuliza Paskazia. "Kitanda cha namna gani? Sakafu ya nini?"

Paskazia akaeleza. Ma Immakulata akaangalia pembeni.

"Hii ni homa ya papasi," tabibu alisema. "Inaletwa na mdudu wa jamii ya kupe, anayeishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Anatoka gizani, ananyonya damu kwa dakika chache, anarudi mafichoni kabla hujaamka. Kuuma kwake hakusikiki. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Watu wengi hudhani wamepona."

"Na mtoto?"

"Anacheza, moyo wake uko sawa. Lakini homa hii inaweza kumtoa mtoto kabla ya wakati. Ungekaa nyumbani wiki nyingine, nisingekuahidi kitu." Tabibu akamgeukia Ma Immakulata. "Dawa ipo. Atalala hapa, kwa sababu saa za kwanza baada ya dawa homa inaweza kupanda, na lazima tumwangalie. Ila akirudi kwenye chumba kile kilivyo, ataugua upya."

Kesho yake saa sita mchana, Jamali, bwana afya wa kata aliyeagizwa na tabibu, alifika kwa Ma Immakulata na pikipiki. Alikuwa amevaa buti za mpira na glavu. Alikuwa na chekecheo na sahani nyeupe.

"Chumba hiki kisafi," Ma Immakulata alimwambia mlangoni. "Nyasi ni za juzijuzi."

"Za juu ni za juzijuzi, mama. Tuone za chini."

Jamali alifunua. Chini ya nyasi za kijani kulikuwa na za njano. Chini ya za njano, za kahawia. Chini kabisa kulikuwa na unga mweusi, na sakafu iliyopasuka kama tope la bwawa lililokauka. Alichokonoa ufa kando ya mguu wa kitanda, akachekecha udongo, akamimina mabaki kwenye sahani. Akaiweka sahani uwanjani, juani.

Kahangwa alisogea akachungulia. "Changarawe," alisema. "Umetoka kote huko kuja kuchekecha changarawe?"

"Subiri, mzee."

Walisubiri. Kwenye sahani kulikuwa na vijiwe bapa, vya kijivu, kama ishirini. Jua liliwaka.

Kijiwe kimoja kikatoa miguu.

Kikatembea polepole, kikigusa mbele kama kipofu. Kingine kikafuata. Muda si mrefu sahani nzima ilikuwa inatembea.

Kahangwa alirudi nyuma hatua tatu.

"Wanajifanya wamekufa," Jamali alisema. "Ni kawaida yao. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula. Mlipofunga mlango hawakufa njaa. Walikaa kwenye nyufa wakisubiri mtu alale."

Ma Immakulata alikaa chini palepale. "Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu nimemsingizia mume wangu."

"Mimi ndiye niliyesema," Kahangwa akajibu kwa sauti ndogo.

"Nyasi zile alizikanyaga yeye, Bwana Jamali. Nizitupe?"

"Alizokanyaga yeye zimeshaoza, mama. Umekuwa unawatunza hawa."

Ma Immakulata akanyanyuka. "Basi niambie tuanzie wapi."

Walianza na kujikinga: buti, glavu, suruali zilizochomekwa ndani ya buti. Kahangwa aliazima gambuti za marehemu, zilizomzidi mguu. Nyasi zote zilitolewa, zikachomwa shimoni mbali na nyumba. Shuka na mablanketi yalichemshwa. Godoro lilianikwa juani na kukaguliwa kila mshono. Kitanda kilitolewa nje, kikamwagiwa maji ya moto kwenye maungio yote. Kutoka kwenye tundu moja la msumari walianguka papasi saba. Kahangwa aliwahesabu.

Kisha Jamali alinyunyiza dawa kwenye kila ufa, sakafuni na ukutani. Watu na kuku walikaa nje mpaka alipowaruhusu. Baadaye fundi aliondoa udongo uliolegea, akashindilia sakafu, akaweka saruji. Kuta alizipiga lipu mpaka usawa wa kiuno. Kitanda kilirudishwa, kikatengwa na ukuta. Chandarua sasa kilichomekwa chini ya godoro, hakikugusa sakafu.

"Na nyasi?" Ma Immakulata aliuliza. "Siku ya mgeni?"

"Tandika sebuleni, kwenye saruji. Mgeni akiondoka, nyasi ziondoke siku ileile. Na kila Jumamosi, kitanda nje, maji ya moto, kagua nyufa."

Kahangwa aliambiwa aende kupimwa damu homa ikimrudia. Iliporudi alikwenda, akatibiwa. Kisha akajitolea kuwa wa kwanza kulala chumba kile. Kila asubuhi Benigna alimuuliza juu ya ua, "Bado uko hai, Ta Kahangwa?" Alilala siku kumi. Shuka ilibaki nyeupe. Homa haikuja wiki hiyo, wala mwezi huo.

Paskazia alijifungua mwezi wa nane, mtoto wa kiume wa kilo tatu na robo. Wakamwita Karugendo. Alilala chumba cha babu yake, akakua bila homa.

Mwaka uliofuata Paskazia alimpeleka mtoto kituo cha afya kupimwa uzito. Juu ya meza ya Jamali aliona chupa ndogo, iliyofungwa kwa nguvu. Ndani yake kulikuwa na vijiwe vitano vya kijivu. Karatasi iliyobandikwa iliandikwa tarehe, na neno Izigo.

"Ni wale?"

"Ni wale. Nafundishia."

"Wamekufa?"

"Shika."

Paskazia alifumbata chupa. Kiganja chake kilikuwa na joto. Alihesabu mpaka thelathini, akafumbua. Watano wote walikuwa wanatembea kwenye kioo, upande wa ngozi yake.

"Hawajala tangu siku ile," Jamali alisema.

Jioni, nyumbani, Paskazia alimsimulia mama mkwe wake. Ma Immakulata alisikiliza mpaka mwisho. Alinyanyuka, akachukua sufuria kubwa, akabandika maji jikoni. Ilikuwa Alhamisi, lakini hakungoja Jumamosi.