Nyasi Zenye Joto Kileleni Mbizi

Haya yalimkuta rafiki yangu Fabiani. Mimi ninayevaa koti hata Dar nisingethubutu kufanya alichofanya. Julai ile redio ilitabiri baridi kali na ukungu kileleni mwa milima ya Mbizi, na ng'ombe wake mwenye mimba hakurudi zizini.

"Baba Jenifa, si usubiri kuche?" mkewe alimsihi.

"Wewe una blanketi, Bertilla. Ndama je?"

Akapanda gizani, akiifuata kengele ya ng'ombe iliyolia mbele yake ukunguni, hadi iliponyamaza. Kulipopambazuka akamkuta amezaa. Ndama alikuwa hai, mkavu. Umande umeganda mweupe kote, isipokuwa ubavuni pa ndama, ambapo nyasi zimelaliwa kwa umbo la mtu. Kwenye weupe ule hapakuwa na nyayo za binadamu ila za Fabiani mwenyewe. Akazigusa zile nyasi. Zilikuwa bado na joto.