Nani Kaizima?

Kila asubuhi Haingo alikwenda shule kwa teksi ya baba yake, na kila asubuhi Baba alizima injini kileleni mwa mteremko wa Ambondrona. Si yeye peke yake. Pale Antananarivo madereva wa teksi kuukuu ndivyo wafanyavyo: mlimani gari linakunywa petroli, mteremkoni linajiendea bure kama mbuzi aliyekata kamba. Likifika chini, unawasha tena. Petroli yenyewe ilikaa kwenye chupa ya plastiki miguuni pa Haingo, na mpira mwembamba uliifyonza hadi kwenye injini.

Siku hiyo walikuwa hawajafika kileleni vizuri, gari likakohoa, likanyamaza. Likajisukuma kidogo hadi kileleni, likaanza kuserereka mteremkoni. Baba akaendelea kupiga mluzi.

"Baba, limezima."

"Nimelizima mimi, bosi."

"Hukugusa ufunguo. Ulishika kitumbua."

Baba akautazama mkono wake. Kweli, kitumbua kilikuwemo, kimeshaumwa nusu.

"Basi limejizima lenyewe. Limeshajua kazi!" Akacheka. Walipofika chini akawasha, likawaka mara moja. "Unaona? Lilisinzia tu."

Haingo hakucheka. Mama alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Baba alikuwa amwache Haingo shuleni, kisha arudi kumchukua Mama ampeleke akajifungue, na zahanati iko juu kabisa mlimani.

"Na likisinzia tunapanda na Mama?"

"We mtoto, usiniletee mkosi! Gari hili limekuzidi umri."

"Ndiyo maana nauliza, Baba."

Mluzi ukakatika. Baba akaenda kidogo, akapunguza mwendo, akaegesha kando. Akaichomoa chupa, akaiinua juani. Petroli ya manjano ilielea juu. Chini yake, kule mpira ulikofyonzea, palikuwa na kitu cheupe kikitikisika.

"Maji," akasema taratibu.

Ile chupa ya zamani ilikuwa imepasuka jana, naye akachukua nyingine jikoni. Mama alikuwa ameisuuza, ikang'aa, ila haijakauka.

Baba akaimimina petroli ya juu polepole kwenye chupa kavu aliyopewa na muuza karanga. Maji akayamwaga. Akaupuliza mpira, akatema mate, akakunja uso.

"Shule leo utachelewa," akasema. "Twende kwa mama yako."

Wakamchukua Mama, na mlima wa zahanati waliupanda bila gari kukohoa hata mara moja, ingawa Baba alisahau kabisa kupiga mluzi. Kabla wali wa mchana haujaiva, Haingo alikuwa na mdogo wake wa kiume, mwenye sauti kama honi.

Mama aliposimuliwa akanuna. "Kwa hiyo mkosaji ni mimi niliyesuuza?"

"Hapana, mke wangu. Ni mimi. Nimezoea gari kunyamaza, hata liliponyamaza kwa ugonjwa nikadhani ni ile kawaida yangu." Akamgeukia Haingo. "Mwanangu, kitu kikibadilika usikimbilie kuogopa, wala usikimbilie kucheka. Uliza kwanza nani kakibadilisha. Kama si wewe, simama uangalie. Leo wewe uliuliza, mimi nikacheka."

Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zote. Ghafla akanyamaza kimya.

Baba akaruka kutoka kwenye kiti. "Nani kamzima?"

"Mimi," Mama akajibu. "Ananyonya."