Mshono Usio wa Fundi

Majirani zangu, na ninyi ambao hatujuani, kaeni niwaambie jambo lililotokea mlango wa pili kutoka kwangu. Sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, na kabla sijamaliza mtaona kwamba mkono wangu pia umo.

Mimi ni dobi. Chumba changu cha kufulia na kupigia pasi kimegawana ukuta na chumba cha fundi cherehani, na ukuta wenyewe ni wa mbao, kwa hiyo nikisema sisikilizi mambo ya watu nitakuwa mwongo. Kwa miaka kumi na miwili nilisikia cherehani ile ikianza kazi asubuhi, na saa saba mchana nilisikia kandambili za mkewe zikija. Mkewe alikuwa akiuza mikate kwenye duka la kona. Alikuwa mnene, mweupe wa roho, na mtaa mzima tulimwita Bonge wala hakukasirika.

"Fundi, kula kabla sijaula wote mimi," alikuwa akisema huku akiweka mkate mezani.

"Ukila wewe, Bonge langu, nashiba mimi," Fundi alimjibu.

Maneno yalikuwa hayohayo kila siku, na kila siku walicheka. Mimi upande wangu nilikunja shati la mtu nikatabasamu peke yangu.

Fundi alikuwa na sharti moja: nguo ya mkewe haiguswi na fundi mwingine. Kila mwaka alimsimamisha katikati ya chumba, akampima kwa tepu yake, akaandika vipimo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kisha akamshonea gauni. La mwaka ule lilikuwa la bluu, lenye kola pana.

Basi siku moja Bonge alikwenda zahanati kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikimgonga. Wakampima, wakamwambia presha iko juu na uzito umezidi. Walimpa dawa, na wakamwandikisha kwenye darasa la kula vizuri na mazoezi. Darasa lilikuwa kila Jumatano saa kumi jioni, kwenye ukumbi wa shule ya jirani. Kulikuwa na Nesi, mama wa makamo aliyesimama na mizani na kujaza kadi ya kila mtu. Kulikuwa na Kocha, kijana mwenye filimbi shingoni na mikono iliyojaa misuli. Ubaoni walichora sahani kubwa: nusu yake mboga, robo nyama au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ya wanga. Bonge alirudi akatusimulia, tukacheka sana. Muuza mikate anapewa robo ya sahani.

Miezi mitatu ya kwanza mambo yalikwenda polepole, kama yanavyotakiwa. Alipungua kilo moja, mwezi mwingine nusu kilo. Fundi mwenyewe alilipunguza gauni la bluu kiunoni, akatania kwamba serikali ya zahanati inamwibia mke kidogokidogo.

Mwezi wa nne, mambo yakageuka.

Bonge alianza kupungua kwa kasi. Mashavu yaliondoka, pete ikawa inamchezea kidoleni. Akatembea na chupa kubwa ya maji kila aendako, na ikiisha anakuja kwangu kuomba mengine. Kila mara alikuwa akitoka kwenda msalani, na simu mkononi. Mchana, badala ya kukaa wacheke, alijilaza juu ya rundo la vipande vya vitambaa na kusema amechoka.

Ninyi mnaonisikiliza mngefikiri nini? Semeni ukweli. Sisi tulifikiri ubaya. Mke wa mtu apungue ghafla, avae raba, atoketoke na simu, achoke akiwa nyumbani, na kila Jumatano aende ukumbini kwa kijana mwenye filimbi. Tulisema dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nilisema zaidi ya wengine.

Fundi alimwuliza mara moja tu. Nilisikia kupitia mbao.

"Unapungua kwa ajili ya nani?"

Nikasikia chupa ya maji ikiwekwa mezani. Kisha Bonge akajibu, "Kwa ajili yangu, Fundi. Mbona unaniuliza hivyo?"

"Nauliza tu."

Neno lile lilimchoma. Tangu siku hiyo hakumweleza tena mumewe kilichosemwa darasani, wala hakumwonyesha kadi. Na Fundi, kwa kuwa haonyeshwi, akaona kweli anafichwa.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Siku moja nililetewa gauni la bluu nilipige pasi. Nikaligeuza ndani nje, kama ninavyofanya kwa nguo zenye kola, nikaona kitu ubavuni. Gauni lilikuwa limepunguzwa tena, pande zote mbili. Mshono haukuwa wa cherehani. Ulikuwa wa mkono, vidoti vidogo vilivyofuatana kwa subira, na uzi ulikuwa wa bluu iliyoiva kuliko bluu ya Fundi. Miaka kumi na miwili nimepiga pasi kazi ya yule bwana, mkono wake naujua.

Ningeweza kulikunja gauni nikanyamaza. Ningeweza kumwuliza Bonge. Nilifanya nini? Nililichukua mpaka mlango wa pili, nikaliweka mezani kwa Fundi, nikamwambia nikicheka, "Shemeji, siku hizi una msaidizi?"

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi ulimi wangu ulijikwaa kwa makusudi.

Fundi alilishika gauni, akalisogeza dirishani. Akapitisha kidole juu ya mshono, taratibu.

"Huyu si fundi wa kibarua," alisema. "Mtu hashoni hivi kwa kazi ya haraka. Huyu anapenda anachokishona."

Akachukua tepu akalipima gauni pale pale. Kisha akafungua daftari, ukurasa wa mkewe, akaandika. Mwanzo wa darasa kiuno kilikuwa inchi arobaini na nne. Baada ya miezi mitatu, arobaini na tatu. Sasa, baada ya wiki sita tu, thelathini na nane. Aliandika kama polisi anayekusanya ushahidi. Nilitoka nikiwa na furaha mbaya, ile ya mtu aliyekuwa wa kwanza kujua.

Jumatano iliyofuata Fundi alifunga mlango saa tisa na nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikwenda mpaka ule ukumbi wa shule, akasimama nje ya dirisha. Watu wazima kama ishirini walikuwa wakinyanyua mikono na kuishusha. Ghafla mkewe aliyumba. Kocha akaacha filimbi, akamshika mkono na bega, akampeleka kwenye kiti, akampa maji. Nesi naye alikuja akainama mbele yao. Lakini Fundi, kama alivyoniambia mwenyewe baadaye, hakumwona Nesi kabisa. Aliuona mkono wa kijana kwenye bega la mkewe, akageuka akarudi.

Bonge alipofika kwa Fundi, mimi nilikuwa na pasi mkononi, na pasi ikapoa.

"Darasa limekwisha," Fundi alisema. "Kuanzia leo Jumatano unakaa hapa, mbele ya macho yangu. Lete hizo raba. Na simu."

"Nesi amesema nikapime damu hospitali kesho asubuhi. Amesema tusichelewe. Twende wote, Fundi."

"Nesi au Kocha?"

"Barua hii hapa. Soma."

"Sisomi barua za watu."

Nilisikia karatasi ikisukumwa mezani. Nilisikia droo ya meza ikifunguliwa na kufungwa kwa ufunguo, raba na simu vikiwa ndani. Kisha nikasikia Bonge akisema kwa sauti ndogo, "Nina kiu, Fundi. Sina kitu kingine, nina kiu tu." Cherehani ya Fundi ikaanza kulia. Na mimi niliyesikia yote hayo nilifanya nini? Nilipasha pasi yangu moto.

Siku sita zilipita. Bonge hakwenda kazini wala hakwenda hospitali. Alijilaza kwenye vipande vya vitambaa na kunywa maji. Nilipochungulia aliniangalia kama mtu anayenitazama kutoka mbali. Nikajisemea, amenuna, atazoea.

Siku ya saba ilikuwa Jumatano. Kabla ya mchana alikuja mama mmoja amevaa viatu vyeupe, anahema, anauliza kwa Fundi. Alikuwa Nesi. Simu yake haikuwa ikipokelewa, akaenda duka la mikate, wakamwelekeza huku. Safari hii sikutega sikio kwenye mbao, nilitoka nikasimama mlangoni kwao.

"Kaka, mkeo alifika hospitali?"

"Mke wangu hana ugonjwa."

"Barua yangu aliipeleka?"

 Fundi akafungua daftari la vipimo, barua ikiwa ndani yake, bado imefungwa. Nesi hakuitazama barua. Macho yake yaliangukia ukurasa.

"Nani ameandika namba hizi?"

"Mimi."

"Inchi tano kwa wiki sita." Nesi alikaa kwenye stuli ya wateja. "Kaka, darasa langu halipunguzi mtu hivi. Hakuna darasa linalopunguza mtu hivi. Mizani yangu ilinionyesha wiki mbili zilizopita, nikaogopa, nikaanza kumwandikia kila siku anieleze hali yake. Wewe umeona kabla yangu, na umeandika kabisa. Kiu anayo? Anakwenda haja mara kwa mara?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali. 

"Yuko wapi?"

Alikuwa pale pale, nyuma ya pazia, hatua nne kutoka mezani. Alikuwa akipumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoanza kuharibika. Tulimwita, hakuitika. Nesi alisema, "Ni sukari. Imepanda sana. Tafuteni gari." Fundi alimbeba mwenyewe. Nilimsikia akisema njia nzima, "Mwepesi. Jamani, amekuwa mwepesi hivi."

Alilala hospitali wiki tatu, na siku nne za mwanzo hakufungua macho. Daktari alituambia kwamba tungechelewa mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Siku alipoanza kukaa kitandani, nilikwenda na Fundi kumwona. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, lakini Fundi alinitangulia kwa swali. Alikuwa amekonda, naye ungesema amesoma darasa lilelile.

"Niambie kitu kimoja tu. Sina hasira. Lile gauni alilipunguza nani?"

Bonge alijiinua kwenye mto.

"Mimi."

"Wewe hujui kushona."

"Nimekaa na fundi miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nashona kule duka la mikate, nimekaa juu ya magunia ya unga, wateja wakipungua. Lilikuwa linanivuka. Niliogopa nikikuletea tena utaniuliza kwa ajili ya nani."

Fundi aliinamisha uso kwenye shuka la hospitali akalia. Alijua mkono wa kila fundi wa mtaa ule, hata waliohama. Mkono wa mkewe hakuujua. Na mimi niliyeupeleka ule mshono mlango wa pili nikicheka, nilitoka nje kwenye korido, nikashindwa kurudi.

Bonge alirudi nyumbani na sindano zake za sukari. Jumatano anakwenda darasani. Fundi humsindikiza mpaka mlangoni mwa ukumbi, hukaa kwenye benchi la nje akimshikia kandambili, na Kocha humsalimia kwa heshima zote. Mimi naingia ndani na kufanya mazoezi, nusu ya sahani yangu ni mboga, na sijapungua hata kilo moja. Nastahili.

Msidhani basi yamekwisha. Mwaka ulipozunguka, Fundi alinunua kitambaa cha kijani, akafungua daftari ukurasa mpya, akasimama na tepu shingoni kama zamani. Aliniita nije nishuhudie, maana alitaka tucheke wote. Bonge alisimama katikati ya chumba. Fundi aliponyoosha tepu kuelekea kiunoni kwake, yule mama alirudi nyuma hatua moja.

"Dobi," akaniambia, "nipime wewe."

Hakusema kwa ukali. Nilichukua tepu kutoka mkononi mwa Fundi, nikapima, nikasoma namba kwa sauti, na Fundi akaandika huku ametupa mgongo. Gauni lilishonwa, likamkaa vizuri. Mpaka leo ninapowaambia haya, ni mimi ninayempima.

FUNZO

Mwenzako akibadilika, mwulize anaumwa wapi kabla hujamwuliza anakwenda kwa nani. Kiu, uchovu, kwenda haja kila saa na kukonda bila mpango ni habari za kupeleka hospitali, si za kupeleka kwa jirani. Wewe mume, wewe mke, mtu unayelala naye ndiye wa kwanza kumwona anapougua, kwa hiyo usiyageuze macho hayo yakawa ya mpelelezi. Na wewe jirani mwenye ukuta wa mbao kama mimi, ukiona mshono usioujua, mwulize aliyeuvaa. Fundi alisamehewa, nami nilisamehewa. Lakini shuku ikishaingia kati ya watu wawili, msamaha hauitoi yote. Ninajua, kwa sababu tepu ninaishika mimi.