Njaa ya Mfyonzi

Kiluwiluwi cha mbu kiligusa unyweleo, na mlango wa kifuko cha mmea ukafunguka. Maji yakavutwa ndani upesi kuliko kupepesa jicho, kiluwiluwi kikaenda nayo, mlango ukajifunga. Jicho-maji, kamera ndogo inayoogelea yenyewe, lilirusha yote hayo kwenye skrini, na waheshimiwa wa Jiji la Musoma wakapiga makofi.

"Kifuko husukuma maji nje mpaka kibaki kimebonyea," alieleza Dakta Nyangeta Masatu. "Kikiguswa, kinavuta. Mmea huu, mfyonzi, hauna mizizi wala ubongo. Una njaa tu."

Yeye ndiye aliyeubuni, kwa kukuza vifuko vya mmea mdogo wa vidimbwini. Malaria ilikuwa imetoweka mjini, na hilo si jambo dogo. Waliozika watoto wanalijua.

Baada ya sherehe alipanda boti isiyo na nahodha hadi kisiwani kwa shangazi yake, Nyabise, aliyemlea kwa kuanika dagaa. Alikuta chanja zote ziko tupu.

"Shikamoo, shangazi. Hamkuvua?"

"Marahaba. Tumevua maji."

Nyangeta alishusha jicho-maji ufukweni. Giza lilikuwa linaingia, na mwezi haukuwepo. Vichanga vya dagaa vilipanda juu kwa wingi, na vifuko vya mfyonzi, uliokwisha kutanda hadi kisiwani, vikavifyonza kimoja baada ya kingine.

"Lakini tulipima!" alisema. "Mwaka mzima hatukukuta hata dagaa mmoja ndani ya kifuko."

"Mlipima kwa boti za nani?"

"Zenu. Tulikodi."

"Lini?"

Nyangeta akazikumbuka tarehe. Boti za dagaa hukodishwa wakati wa mbalamwezi tu, wavuvi wanapopumzika, kwa kuwa mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, hukaa chini kabisa. Wataalamu wote wale, na shahada zao ukutani, walipima ziwa wakati dagaa hawapo juu! Mtoto yeyote wa kisiwani angewaambia. Na Nyangeta alikuwa mtoto wa kisiwani.

"Basi ung'oeni, mwanangu."

"Haung'oleki, shangazi. Kila kipande kinachokatika kinaota mmea mzima."

Nyabise hakulia wala hakugomba. Aliingia jikoni, akatoka na ugali na kibakuli cha dagaa, wa mwisho waliobaki ndani.

"Kula. Kwangu mgeni halali na njaa."

"Mgeni? Tangu lini mimi nimekuwa mgeni hapa?"

Shangazi alimsogezea beseni la maji.

"Nawa mikono," alisema.