Chupa Yenye Shingo

Kila Jumanne asubuhi Ikupa hutoa barabarani sanduku la bluu, la chupa za plastiki zinazorudishwa kiwandani kuyeyushwa upya. Jumanne hiyo lori lilichukua za majirani wote. Sanduku lake likaachwa vilevile, limejaa. Ilikuwa mara ya pili.

"Basi, Mama Tumaini!" alisema Lusajo, mumewe. "Wakikataa tena, kila kitu kwenye takataka. Mambo ya watu haya, tutayawezea wapi?"

Ikupa aliumia. Walikuwa wageni hapa Woodbury, ughaibuni, naye hakutaka mtu aseme familia ile ya Waafrika haijui usafi. Akamwita Jeptoo, jirani Mkenya, muuguzi, mwenyeji wa mtaa.

Jeptoo alichungulia sandukuni, akaangua kicheko. Chupa zote zilikuwa ndani ya mifuko ya plastiki ya dukani, imekazwa mafundo mawilimawili.

"Woi! Mama Tumaini, hii ni parcel ya kutuma Mbeya?"

"Nilifunga zisipeperuke!"

"Mifuko inakwama kwa mashine za kiwandani. Irudishe supamaketi, kuna pipa mlangoni. Chupa ziache huru." Akainua chupa ya juisi. "Ona, iko na shingo. Mdomo mwembamba, tumbo pana. Chini imechapwa namba moja ama mbili. Hiyo wanachukua. Suuza, toa kifuniko."

Ikupa akashika kopo la mtindi. "Na hili? Si lina alama ya mishale mitatu kama zile chupa?"

"Mishale si ruhusa. Namba iliyo katikati inaonyesha tu ni plastiki aina gani. Hii ni namba tano, haina shingo. Hapa kwetu hawachukui. Mtaa mwingine, uliza kwanza."

"Na chupa ya oili ya gari?" Lusajo alidakia. Kumbe alikuwa anasikiliza!

"Hiyo hapana, hata ikiwa na shingo. Oili inaharibu zingine."

"Sasa makopo yote haya niyapeleke wapi?" Ikupa aliuliza.

"Kwani wageni wako wa jumuiya ya sala wanabeba pilau na mikono?"

Ikupa alicheka mpaka machozi. Hakuna mgeni anayetoka kwake bila chakula cha kubeba.

Jumanne iliyofuata theluji ilianguka. Lori likasimama. Ikupa alijifanya anaosha vyombo, jicho dirishani. Mara akasikia chupa zikimwagika lorini. Kabla hajafika mlangoni, Lusajo alishatoka na kandambili kwenye theluji, sanduku tupu kalinyanyua juu ya kichwa.

"Mama Tumaini, wamechukua! Zote!"

Majirani walichungulia madirishani. Ikupa akawapungia mkono, akamwacha mumewe aendelee kupiga kelele.